Game Boy ya kutungia muziki: isikilize ikiwa kimya kabla hujalipa

Game Boy, kile kifaa cha michezo cha mkononi cha Nintendo, ya kwanza niliyoinunua kwa ajili ya muziki ilipendeza sana machoni. Ganda jipya linaloonyesha mpaka bodi ya ndani, taa ya buluu nyuma ya kioo, na chini matundu mawili ya kutolea sauti ya RCA, jekundu na jeupe, yamekaa sawasawa. Nikaiunga kwenye miksa, nikawasha, nikafungua LSDj, programu ya kutungia muziki kwenye Game Boy. Kabla sijabonyeza chochote spika zikaanza kuvuma, zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikahama ukurasa mmoja wa programu kwenda mwingine, na mvumo nao ukabadilika. Nilikuwa nakisikia kioo.

Nilipoifungua nikakuta nyaya za RCA zimelehemiwa kwenye bodi ndogo ya tundu la hedifoni, na waya wa ethi wa sauti umefungwa nukta moja na waya wa taa. Muuzaji alikuwa ameitangaza kuwa ina prosaundi, yaani njia safi ya sauti iliyoongezwa, na akanitoza nyongeza. Nilipomwandikia alinijibu kwamba vitu vya zamani ndivyo vilivyo. Jibu hilo si la kweli, na tangu hapo wasomaji kadhaa wameniletea malalamiko yaleyale, neno kwa neno.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi ya ganda wala ulaini wa vitufe. Hayo unayaona kwenye picha. Mvumo hauonekani kwenye picha, na ndio utakaokuharibia kila rekodi.

Kwanza ujue unachokilipia. Chipu ya Game Boy ina chaneli nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya kelele, ambayo ndiyo ngoma zetu. Sauti ikitoka hapo inapita kwenye kigurudumu cha sauti, kisha kwenye amplifaya ndogo, ndipo inafika kwenye hedifoni. Prosaundi ni kuichota kabla haijafika kwenye kigurudumu, kwa nyaya tatu: kushoto, kulia na ethi. Basi zungusha kigurudumu mpaka sifuri. Prosaundi ya kweli itaendelea kulia kwenye miksa kana kwamba hujagusa kitu. Ikinyamaza, umeuziwa tundu la pili la hedifoni.

Jaribio la pili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Fungua programu, usicheze noti hata moja, pandisha miksa, halafu tembea kwenye kurasa zake huku ukizungusha kigurudumu cha kukoleza picha ya kioo. Mchakacho mwembamba usiobadilika unavumilika. Mvumo unaobadilika kila picha inapobadilika maana yake umeme wa kioo umeingia kwenye njia ya sauti. Hapo ama waya wa ethi umechukuliwa mbali na kigurudumu, ama kapasita zimezeeka, ama taa iliyoongezwa inavuta umeme ovyo. Kama unanunua kwa mbali, omba rekodi ya nusu dakika ya kifaa kikiwa kimewaka na kiko kimya. Muuzaji asiyetaka kutuma, achana naye.

Sasa uchaguzi wangu, na siufichi: ni ile ya kijivu ya Nintendo, DMG-01 ya mwaka 1989. Besi yake ina uzito ambao ndugu zake waliofuata hawana, mwili wake una nafasi ya kupitisha nyaya bila kubanana, na kigurudumu chake ni rahisi kufikiwa na mtu anayejifunza kulehemu. Inakula betri nne za AA, nami naona ni gharama ndogo. Ukitaka taa, chukua ile sahili ya kupachika baada ya kubandua karatasi inayoakisi mwanga nyuma ya kioo, ikiwa na chipu ya kugeuza picha ili maandishi yakolee. Vioo vipya vya kisasa vya aina ya IPS vinang'aa kweli, lakini vinakula umeme zaidi na vingi vinaleta mlio mwembamba kwenye sauti. Kwa michezo ni sawa. Kwa muziki, hapana.

Baada yake naweka Game Boy Pocket ya 1996. Bila prosaundi tundu lake la hedifoni linavuma wazi, ila ukiichotea sauti vizuri inakuwa safi kuliko watu wanavyodhani. Game Boy Color ya 1998 naiweka ya tatu kwa sababu besi yake ni nyembamba, ingawa nakiri jambo moja: prosesa yake inaweza kwenda kasi maradufu na LSDj inaitumia kasi hiyo, kwa hiyo nyimbo zenye mabadiliko mengi ya harakaharaka hazikwami. Angalia pia tundu la kuungia kebo. La DMG ni kubwa, la Pocket na Color ni dogo, hivyo ukitaka kuoanisha mbili zipige kwa mwendo mmoja, nunua kebo inayofaa pande zote mbili.

Game Boy Advance inunue kama unataka nanoloop 2, programu nyingine ya muziki, ambayo iliandikwa kwa ajili yake. Vinginevyo sauti zake za zamani zimechanganywa kidijitali na zina mchakacho usioondoka. Advance SP haina hata tundu la hedifoni. Game Boy Micro haipokei kabisa kaseti za zamani, usidanganywe.

Vile vifaa vya bei nafuu vinavyoiga Game Boy kwa programu vinatosha kujifunzia LSDj. Havina chipu yenyewe.

Kaseti ya kuwekea programu: EverDrive ya Krikzz, inayotumia kadi ya kumbukumbu, sina mjadala. Nyimbo za LSDj zinakaa kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 128, na kwenye kaseti za kizamani kumbukumbu hiyo inashikiliwa na betri ndogo. Siku betri inakufa, kazi yako imekwenda. Kwenye EverDrive unachomoa kadi, unanakili faili kwenye kompyuta.

Kinachoniuma ni bei. Tangu watu wagundue kwamba tunavitafuta, DMG nzima zinafunguliwa, zinavuliwa ganda la asili, zinawekwa la rangi na taa, kisha zinauzwa mara kadhaa ya bei yake huku njia ya sauti haijaguswa au imelehemiwa vibaya. Muuzaji anatuuzia mapambo. Wauzaji haohao wanazitupa kwenye kundi la mbovu zile zenye mistari ya wima iliyopotea kwenye kioo, wakati mara nyingi dawa yake ni kupitisha pasi ya kulehemu polepole juu ya ukanda ulio chini ya kioo mpaka mistari irudi mmoja mmoja.

Yangu ya sasa niliinunua ikiwa hivyo, na mistari saba haipo. Sita ilirudi. Prosaundi nimeiweka mwenyewe, taa sijaweka, natungia dirishani, na nikipandisha miksa bila noti nasikia mchakacho mdogo tu wa chipu.