Kompyuta ya kuigia raba inayogusana na chuma: ipi ununue ukiwa Tanga

Anayebuni bushi ya springi, sili ya pampu au fenda ya raba ya gati anaujua usumbufu huu: hesabu ya kuiga kwenye kompyuta, inayolikata umbo kuwa vipande vidogo (elementi) vinavyoungana kwenye nukta (nodi), inafika asilimia chache za mzigo, inaanza kujikatia hatua ndogo ndogo, kisha inagoma. Wengi hapo hukimbilia kutafuta kompyuta kubwa zaidi, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Hesabu ya vitu laini vinavyogusana hukwama kwa sababu ya modeli mara nyingi kuliko inavyokwama kwa sababu ya mashine. Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, pima kwanza.

Mashine au modeli?

Hesabu ikiwa inaendelea, fungua kidirisha kinachoonyesha matumizi ya RAM na diski. RAM ikijaa na diski ikafanya kazi bila kupumzika huku prosesa imelala, mashine imeelemewa na una haki ya kununua nyingine. RAM ikiwa na nafasi tele na hesabu bado inagoma, hakuna kompyuta itakayokuokoa.

Kwa wanaotumia CalculiX, programu ya bure ambayo PrePoMax huja nayo ikiwa tayari kwa Windows, soma faili lenye mwisho wa .cvg. Lina safu inayoonyesha idadi ya elementi za mguso katika kila mzunguko wa hesabu. Idadi ikipanda na kushuka, tuseme 412, 388, 415, 390, bila kutulia, nodi zinagusa na kuachia, zinagusa na kuachia. Chanzo chake mara nyingi huwa ni ugumu wa mguso uliozidi, yaani namba inayoamua nyuso zinasukumana kwa nguvu kiasi gani zikigusana. Mwongozo wa CalculiX unashauri ugumu huo, kwa mguso wa mstari (linear), uwe mara 5 hadi 50 ya moduli ya unyumbufu, yaani kipimo cha ugumu wa nyenzo, ya vitu vinavyogusana. Kwa raba ya MPa 3, ukitumia milimita na niutoni, hiyo ni 15 hadi 150. Anayenakili mfano wa chuma kwa chuma anaacha thamani inayozidi milioni moja, halafu anashangaa.

Bushi ikiruka na kutoweka katika hatua ya kwanza, kuna uwazi kati yake na pini, na katika hesabu tuli hakuna kinachoishikilia. Ziba uwazi huo kwenye mchoro, au anza kwa kusukuma pini milimita 0.1 badala ya kuweka nguvu. Raba ikionekana ngumu kuliko inavyotakiwa, angalia uwiano wa Poisson, unaoonyesha nyenzo inavyotanuka pembeni ikibanwa: 0.4999 huifunga elementi isibadilike umbo. Kwa Neo-Hooke, kanuni rahisi ya tabia ya raba, raba ya MPa 3 yenye uwiano wa 0.49 inakupa C10 ya 0.5 na D1 ya 0.04, namba za kuanzia zisizo na ugomvi. Katika jozi ya nyuso zinazogusana, uso wa raba ndio uwe mtumwa (slave) na uwe na meshi, yaani wavu wa elementi, ndogo zaidi. Msuguano uanze na sifuri. Ukishapata jibu, weka 0.3.

Kata pia modeli kwa ulinganifu. Bushi inayobanwa kutoka upande mmoja inahitaji robo tu. Kwa solva (sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo) ya moja kwa moja, mahitaji ya RAM ya umbo nene hukua haraka kuliko idadi ya nodi: nodi zikipungua mara nne, RAM hupungua karibu mara sita. Lakini ukipunguza ukubwa wa elementi kwa nusu pande zote, RAM inapanda karibu mara 16. Msuguano nao huondoa ulinganifu wa matriksi, jedwali la namba za milinganyo hiyo, na kuongeza RAM karibu mara mbili. Ndiyo maana modeli iliyopita jana bila msuguano inaweza kuizamisha mashine ile ile leo.

Kama baada ya haya yote RAM bado haitoshi, nunua kwa mpangilio huu.

Namba moja: kituo cha kazi cha mtumba, cha mezani

HP Z440 au Dell Precision 5810. Zote mbili zinatumia Xeon E5 za toleo la v3 na v4, zina nafasi nane za RAM ya DDR4, na RAM inasomwa kwa njia nne kwa pamoja. Hilo la njia nne ndilo linalotufanya tuziweke juu, kwa sababu solva inashinda ikisubiri data kutoka kwenye RAM. Kwa hiyo usikubali GB 64 za vipande viwili vya 32. Dai vinne vya 16, kila kimoja kwenye njia yake.

Prosesa ya kutafuta ni E5-1650 v4 au v3: viini sita, kasi ya msingi GHz 3.6 au 3.5. Muuzaji atakusifia ile ya viini 18 yenye GHz 2.3. Iache. Hesabu ya mguso ni mamia ya mizunguko inayofuatana, hakuna unaoweza kuanza kabla uliotangulia haujaisha, na kasi ya kiini kimoja ndiyo inayokufikisha. Ukianza kazi, weka OMP_NUM_THREADS, mpangilio unaoiambia programu itumie viini vingapi, iwe 6, yaani viini halisi.

Ubaya wake: pawa saplai si ya umbo la kawaida, ikiungua utatafuta ya modeli hiyo hiyo. RAM yake ni RDIMM, aina ya seva, haiingiliani na kompyuta za ofisi, kwa hiyo usinunue RAM kabla ya mashine. Na usiteremke hadi Z400 au T3500 kwa ajili ya bei. Prosesa zake hazina AVX, yaani maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, na solva za kisasa zinaitegemea kwa kasi.

Namba mbili: kompyuta ya ofisi yenye i7

EliteDesk 800 G3 ya umbo la SFF (kasha dogo la mezani), au OptiPlex 7050 ya aina hiyo, yenye i7-7700. Nafasi nne za RAM, hadi GB 64, njia mbili tu. Inakula umeme kidogo, vipuri vyake vimejaa madukani, na kwa mwanafunzi anayeiga robo ya bushi GB 32 zinatosha. Hakikisha siyo ile ndogo kabisa ya kubandika nyuma ya skrini.

Namba tatu: laptopu nzito ya kazi

ThinkPad P51 au P52, kwa anayelazimika kuhama kati ya Chumbageni na kiwandani Pongwe. Fungua mfuniko uone nafasi za RAM kwa macho yako. Pesti ya joto ibadilishwe, kwani iliyokauka hufanya prosesa ijipunguze kasi dakika chache baada ya kazi kuanza.

Laptopu ya gemu tunaiweka ya nne. Fedha nyingi imeingia kwenye kadi ya picha, na CalculiX ya kawaida inahesabu kwa prosesa. Ile nyembamba yenye RAM iliyochomelewa kwenye bodi hatuipendekezi kwa kazi hii hata ikiwa mpya.

Kuijaribu na kuisafirisha

Dukani, iendeshe kwa mzigo kamili dakika 30 ukitazama joto na GHz. Kasi ikiporomoka, kipoza kimeziba au pesti imekufa. Kagua afya ya SSD kwa CrystalDiskInfo, na RAM kwa MemTest86 hadi mzunguko mzima uishe. Kwa GB 64 inachukua saa kadhaa, basi iachwe usiku. RAM yenye hitilafu hutoa majibu yanayobadilika kila ukirudia hesabu ile ile, na utailaumu modeli kwa wiki nzima.

Ukiagiza Kariakoo, mashine itasafiri kilomita kama 350 kwenye buti la basi. Omba kadi ya picha ichomolewe na kufungwa peke yake. Ikifika ikapiga mlio bila kuwaka, chomoa RAM na uzirudishe kabla ya kumpigia muuzaji.

Hewa ya chumvi ndiyo adui wa Tanga. Ukiwa Raskazone, usiiweke kwenye dirisha linaloelekea baharini. Pulizia vumbi kwa blowa kila baada ya miezi miwili au mitatu, mashine ikiwa imezimwa, ukiishika feni isizunguke.

Tenga fedha ya UPS ya VA 1,500 kwa namba moja, VA 1,000 kwa namba mbili, yenye wimbi kamili la umeme (pure sine wave). Zile za wimbi la ngazi wakati mwingine huzizima pawa saplai za kisasa pale pale umeme unapokatika. UPS itakupa dakika chache tu, kwa hiyo gawa mzigo katika *STEP kadhaa na uongeze kwenye faili la kazi mstari wa *RESTART, WRITE, FREQUENCY=1, unaohifadhi hesabu kila *STEP inapoisha. Umeme ukirudi, unaiendeleza kwa *RESTART, READ kutoka *STEP ya mwisho iliyoandikwa, badala ya kuanza upya.