Zimeni spika: simfoni ya Dvořák mjini Moshi

Tiketi ilikuwa shilingi 20,000, wanafunzi 5,000. Pesa yangu ilirudi yote, ila ilianza kurudi baada ya mapumziko. Kwa nusu ya kwanza ningedai chenji.

Mimi ni mpiga tarumbeta. Jumapili niko kanisani na brass bendi ya usharika, Jumamosi niko juu ya pikapu mbele ya gari la maharusi. Kwa hiyo waliponiambia inakuja okestra kamili, vijana wetu wakichanganyika na wageni, na wataanza na ile machi ya harusi ya Mendelssohn, nilikata tiketi siku hiyohiyo. Machi hiyo ya mwaka 1842, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, tunaipiga watu wanne na ngoma moja, vumbi likiingia mdomoni. Nilitaka kuisikia ikiwa na nyama zake zote.

Waandaaji wakaifungia maikrofoni. Vayolini zimepangwa vizuri, selo zipo, halafu pembeni spika mbili refu zilezile za kwenye sendofu. Selo zilikaa kulia, sauti yake ikatokea kushoto, juu ya kichwa cha mtoto aliyekuwa anamenya karanga. Tarumbeta zilipoanza, fundi mitambo akashtuka akashusha kila kitu. Vayolini zilipoingia akapandisha, spika ikalia wiiii. Kipande cha Grieg kilichofuata sitakisema, maana sikukisikia.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nimesimama na soda yangu karibu na meza ya mitambo. Mwongozaji akaja mwenyewe, jasho linamtoka, akasema, "Naomba uzime zote." Fundi akamjibu kwa heshima, "Mzee, wa nyuma hawatasikia." Zikazimwa. Asante sana, mzee.

Nusu ya pili ilikuwa simfoni ya 9 ya Dvořák, yaani muziki mrefu wa okestra wenye sehemu nne, dakika kama 40. Huyu bwana wa Bohemia, leo ni Ucheki, mtoto wa mchinja nyama, aliiandika mwaka 1893 akiwa New York, alikokwenda kuongoza chuo cha muziki. Hapo chuoni kulikuwa na kijana mweusi, Harry Burleigh, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watumwa alizofundishwa na babu yake. Ndiyo maana ule wimbo wa sehemu ya pili wengi wanaudhania ni wa watumwa. Ni wake mwenyewe Dvořák. Maneno yaliwekwa baadaye na mwanafunzi wake, mwaka 1922. Umeandikiwa koanglei, yaani obo ndefu yenye sauti ya chini kidogo, ndugu wa mbali wa zumari. Hawakuwa nayo, ikapigwa na klarineti. Binti alipiga vizuri, ila klarineti ina utamu mwingi mno kwa wimbo ule. Unataka kitu kikavu kidogo.

Lakini bila spika! Karibu na mwisho wa sehemu hiyo wapiga nyuzi wanapungua, wanabaki wachache, wimbo unakatika katikati, kimya, unaendelea, unakatika tena. Kisha sauti ya mwisho kabisa wanaachiwa besi kubwa peke yao, wakigawana nota chini kabisa. Nilikuwa safu ya nne kutoka nyuma na nilisikia upinde ukiondoka kwenye uzi. Wa nyuma hawatasikia, eti.

Wapulizaji wenzangu, mwangalieni mtu wa tuba. Simfoni nzima anapiga nota chache tu, zote katika sehemu hiyo ya pili, basi, amekaa na chuma chake mapajani. Mwenye matoazi ana pigo moja, katika sehemu ya nne, tena la upole. Yule kijana alisimama mapema, akapiga, akaketi. Kama hukuwa unamtazama, limekupita. Sisi kwenye pikapu tungemkata posho. Kazi ngumu kuliko zote iko mwishoni: vyombo vya kupuliza vinashikilia sauti ya mwisho huku vikififia hadi basi. Kupuliza kwa nguvu hata mlevi anaweza. Jaribu kufifia wakati midomo imechoka dakika 40. Horni ya pili ilitetereka kidogo. Namsamehe.

Jambo moja liliniudhi. Watu walipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza, na dada wa mlangoni akaanza kuwanyamazisha kama darasa la chekechea. Simfoni hii ilipopigwa mara ya kwanza pale ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Desemba 1893, watu walishangilia baada ya kila sehemu, na Dvořák akalazimika kusimama kuinama. Waacheni watu.

Kuhusu ukumbi: viti vya plastiki vinalia ukijigeuza tu, kwa hiyo wahi uchukue benchi za mbao za pembeni, upande wa kulia, ndipo unapowaona wapulizaji vizuri. Saa ya tiketi ni kumi na mbili jioni, wao walianza karibu saa moja. Sambusa zilikwisha kabla ya mapumziko. Wa tiketi za 5,000 wanakaa palepale na wa 20,000, hivyo mwenye kitambulisho cha shule asikisahau nyumbani.