Antena za plastiki Dar: ipi ununue, ipi uiache dukani

Muuzaji wa Kariakoo atakugongea plastiki ya juu akuambie, "Hii ngumu, inashika." Ngumu, sawa. Kushika ni kazi ya chuma kilichomo ndani. Mawimbi ya televisheni hupenya plastiki karibu bila kupungua. Yakigusa shaba au alumini huzalisha mkondo mdogo mno wa umeme, ndio unaoshuka na waya hadi kwenye king'amuzi. Plastiki ni koti tu.

(Wa king'amuzi cha dishi, haya hayakuhusu.)

Ninayoiweka mbele ni ya nje, ya vijiti vya alumini vilivyopangwa mfululizo, yenye kiboksi cha plastiki pale waya unapoungwa. Watu huviogopea vijiti vilivyo wazi, lakini alumini haiozi kwa kutu kama chuma cha kawaida. Panapokufa ni kwenye maungio na boliti. Kwa hiyo kiboksi kifungue hapohapo dukani uone kama mfuniko unabana. Kwenye masafa ya televisheni ya megahezi 500 wimbi lina urefu wa sentimita 60, na kijiti kinachopokea hukaribia nusu yake. Vinavyotangulia mbele huongeza nguvu upande mmoja. Aliye bondeni au mbali na mnara hana chaguo bora kuliko hii. Ila lazima ielekezwe: tazama za majirani zimegeukia wapi.

Ya pili ni bapa ya nje iliyofunikwa plastiki yote. Kigamboni na Msasani, kwenye upepo wa chumvi, ningeipa hata nafasi ya kwanza. Tatizo ni plastiki ya bei chee: jua huipasua, mvua za masika zinaingia. Na ikiwa ndogo kama kiganja, usidanganywe na busta, kile kikuza mawimbi, maana hukuza na makelele (usumbufu ulio kwenye mawimbi) pia.

Ya tatu, karatasi nyembamba ya kubandika dirishani. Ghorofani Upanga inaweza kutosha. Chini ya bati, iache. Bati hurudisha mawimbi, na nondo za dirisha nazo husumbua.

Ya mwisho kabisa ni ile inayozungushwa kwa rimoti. Hapo umenunua mota.

Maandishi ya "4K" kwenye boksi yapuuze, antena haijui ubora wa picha. Tangu analojia izimwe Dar mwisho wa 2012, mawimbi hafifu hayaleti chengachenga, picha hugandaganda tu, watu wakalaumu king'amuzi. Pesa inayobaki nunua waya mzuri wa omu 75, na maungio yazungushie tepu kabla fundi hajapanda juu.