TAHADHARI: Muuzaji wa kolamu za jeli "zilizotumika mara moja tu"

Nimeliwa, na sitaki mwingine aliwe. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza kolamu za mtumba za kuchuja protini kwa jeli, yaani mabomba yaliyojaa jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, zile za mililita 24. Maneno yake asali: imetumika mara moja tu, imetunzwa vizuri, ina cheti cha majaribio.

Yangu ilifika bila kizibo cha chini. Kolamu hizi hutunzwa zikiwa zimejaa ethanoli ya asilimia 20, ncha zote mbili zimezibwa, ili jeli isikauke na vijidudu visiote. Hii ilinuka uvundo. Nikaiinua kwenye mwanga: ufa mwembamba umeikata jeli kimshazari, na juu kabisa, kwenye chujio, duara la rangi ya chai. Uchafu wa watu wengine huo.

Ilikuwa niirudishe palepale. Mimi, kwa ubishi wangu, nikaiunga kwenye mashine. Ethanoli hiyo ya asilimia 20 hutiririka kwa shida kuliko maji na hupandisha presha yenyewe, kwa hiyo nilipitisha maji kwanza, polepole, nisije nikamsingizia mtu. Presha ikapanda vilevile. Nikaweka dekstrani ya bluu, rangi ya majaribio yenye molekuli kubwa, ambayo kwenye kolamu nzima ya aina hii hutoka kama mkanda ulionyooka baada ya kupita karibu mililita 8 za kimiminika. Ikashuka imepinda, upande mmoja unakimbia, mwingine unaburuta mkia.

Nikamwandikia. Jibu lake: "Umeiua mwenyewe, hukuchuja sampuli."

Mtego wenyewe ndio huo. Anajua kolamu hizi huharibikia mikononi mwa watumiaji, basi lawama anayo tayari mfukoni. Sampuli zangu huzungushwa kwenye sentrifuji dakika 10 kwa 10,000 g, kisha hupita chujio cha mikromita 0.22, bafa nazo, yaani vimiminika vinavyoibeba protini ndani ya kolamu, huchujwa na kutolewa hewa. Na humo haikuwa imeingia protini yangu hata tone!

Halafu kile cheti. Nimekilinganisha na cha tangazo lake jingine: namba ya kolamu tofauti, mchoro uleule, mpaka kinundu kidogo baada ya kilele.

Anauza pia "chujio kinga", eti ukilifunga huna haja ya sentrifuji. Usimsikilize. Chujio la mbele huzuia chembe zilizokwishaganda. Protini itakayoganda ikikutana na bafa ya ndani ya kolamu italipita kama hakuna kitu.

Ukilazimika kununua mtumba, dai jaribio la asetoni (hupitishwa kidogo kuona kama jeli bado imepangika sawasawa) la kolamu hiyohiyo, namba yake ionekane kwenye video. Ikifika, ipige picha kwenye mwanga kabla hujaifungua. Mimi sikupiga, ndiyo maana pesa yangu hairudi.

Akaunti ameshabadilisha jina mara mbili, ila picha ni ileile: kolamu tatu zimelazwa juu ya taulo la kijani.