Saa za matoleo maalumu: zenye thamani na zenye namba tu

Kabla ya kutoa pesa kwa saa ya kifahari ya toleo maalumu, yaani inayotengenezwa kwa idadi ndogo iliyotangazwa, mtafute kwanza ndugu yake wa kawaida. Mara nyingi yupo: kampuni ileile, mashine ileile ndani, bei nafuu zaidi. Toa bei hiyo kwenye ile ya toleo maalumu, kisha jiulize tofauti iliyobaki inalipia nini hasa. Nimezipanga kwa kipimo hicho, nikianza na ninazoziamini.

Nafasi ya kwanza ni ya mafundi huru, ambao saa zao ni chache kwa sababu mikono inayozitengeneza ni michache. Saa za Simplicity za Philippe Dufour, fundi wa Uswisi, zipo zaidi kidogo ya 200, na ilichukua miaka mingi kuzikamilisha. Hapa uchache umetokana na kazi yenyewe. Ubaya wake, ukiacha bei, ni kwamba ikiharibika si kila fundi ataigusa.

Ya pili inanivunjia kanuni yangu. Mwaka 2015 Omega ilitoa Speedmaster yenye picha ya Snoopy, mbwa wa katuni, saa 1,970. Mashine yake, ya namba 1861, ndiyo iliyokuwa kwenye Speedmaster ya kawaida, kwa hiyo kwa hesabu ya juu ingeshika mkia. Lakini kisa chake ni cha kweli. Katika safari ya Apollo 13 ya kwenda mwezini, mwaka 1970, wanaanga walitumia Speedmaster kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili kurekebisha njia ya kurudi duniani, na NASA ikaipa Omega tuzo ya Snoopy. Kwenye uso wa saa hiyo, kati ya alama ya sifuri na ya 14, pameandikwa kwa herufi ndogo swali: ungefanya nini ndani ya sekunde 14? Sokoni bei yake ilipanda juu sana kuliko ya dukani.

Tatu ni zile zenye jina la duka kubwa usoni. Patek Philippe ilitoa Nautilus 5711 ya rangi ya Tiffany, duka la vito la Marekani, saa 170, na ya kwanza ikafika dola milioni 6.5 mnadani New York Desemba 2021. Ule ulikuwa mnada wa hisani, basi usiitumie bei hiyo kupimia chochote.

Mkiani naweka zilizobadilishwa rangi na mkanda tu, au kupewa jina la mchezaji au gari la mashindano, hasa kampuni inapotoa kadhaa kila mwaka. Nunua ukiipenda, usitegemee itapanda. Uchache wa kutangazwa haulazimishi mtu kuitaka. Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman, iliyouzwa dola milioni 17.75 mwaka 2017, haikuwa toleo maalumu hata kidogo.

Ukiishika mkononi, igeuze. Baadhi huchongwa “moja kati ya 500”, maneno yaleyale kwenye saa zote. Nyingine kila moja ina namba yake, kama 037/500. Mimi napendelea ya pili, maana unaweza kuilinganisha na cheti. Angalia pia kingo za kasha pale mkanda unaposhikia: zikiwa za mviringo na maandishi ya nyuma yamefifia, imeshapigwa polishi mara nyingi, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Bei za matangazo ni matumaini ya muuzaji. Tafuta bei ambazo saa zimeuzwa kweli, za karibuni, kwa sababu zile za mwanzoni mwa 2022 zilikuwa kileleni na nyingi zilishuka baadaye. Za mnadani nazo mara nyingi hujumuisha ada ya mnunuzi, inayoweza kuzidi asilimia 20. Wewe ukija kuuza, ada hiyo haiji mfukoni mwako.

Mwisho, uliza vipuri. Uso wa rangi ya pekee ukipata ufa miaka 15 baadaye, kampuni inao mwingine? Pata jibu kwa maandishi kabla ya kulipa.