Chenso ya zamani ya kufufua: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Pesa unayompa muuzaji wa chenso ya zamani mara nyingi ni sehemu ndogo ya gharama. Gharama kubwa huja ukishaifungua mezani, na mambo mawili ndiyo huamua: hali ya silinda na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na kama vipuri vyake bado vinatengenezwa. Orodha iliyo hapa chini haikupangwa kwa nguvu ya mashine wala kwa umaarufu wa jina. Imepangwa kwa swali moja: mtu mwenye benchi, jiliwa na spana za kawaida nyumbani ana nafasi gani ya kuifikisha mashine hii hadi ikate gogo?

Lakini mashine ya kwanza kwenye orodha ikiwa na silinda iliyokufa ni mbaya kuliko ya mwisho iliyo nzima. Kwa hiyo tuanze na ukaguzi.

Dakika kumi mbele ya muuzaji

Beba spana ya plagi, bisibisi, spana za L za milimita 4 na 5, tochi ndogo na, ukiweza, geji ya kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Anza na kamba. Zima swichi, funga vali ya kupunguza kompresheni kama mashine inayo, kisha shika mpini wa kamba uiache chenso ining'inie karibu na ardhi. Ikishuka kwa kusitasita, kompresheni ipo. Ikiporomoka moja kwa moja, ringi zimekwisha, silinda imekwaruzika au plagi haijakaza. Ukiwa na geji, vuta mara sita au saba kabureta ikiwa wazi kabisa. Bar 10 ni nzuri sana kwa mashine ya umri huu, 8 bado inafanya kazi, na chini ya 7 hesabu kuwa unanunua pistoni mpya. Geji ya gari yenye mpira mrefu itakudanganya: injini ni ndogo, hewa iliyomo ndani ya mpira inapunguza kipimo. Tumia geji ambayo vali yake ya kuzuia hewa iko kwenye ncha inayoingia kwenye tundu la plagi.

Kisha fungua sailensa. Ni bolti mbili hadi nne tu, na muuzaji asiyekubali zifunguliwe anakupa jibu tayari. Mulika tochi kwenye tundu la ekzosi, sogeza pistoni polepole kwa kamba. Pistoni nzima ina mistari midogo ya mlalo iliyoachwa na mashine ya kiwandani, na ringi inayorudi ndani ukiisukuma taratibu kwa kijiti. Michirizi ya wima upande wa ekzosi maana yake injini ilikosa oili kwenye petroli, au ilivuta hewa ya pembeni ikawa inachoma mchanganyiko mkavu, wenye hewa nyingi kuliko petroli na oili inayohitajika. Toa kabureta utazame upande wa pili ukiruhusiwa: wekundu wa vumbi na mikwaruzo huko husema filta ya hewa iliachwa wazi.

Michirizi hiyo ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Wengi hununua pistoni, wanaifunga, na mashine inakufa tena ndani ya dakika chache, kwa sababu sili ya krenki iliyovuta hewa bado ipo mle mle. Ukiona pistoni iliyoungua, weka kwenye hesabu sili mbili za krenki, gasketi zote na mpira unaounganisha kabureta na silinda.

Silinda yenyewe nayo inasomeka. Nyingi zimepakwa kromu au nikasili (tabaka gumu la nikeli) juu ya aluminiamu. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye kitu kilichovimba, huenda ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia juu, na hiyo huondoka kwa asidi ya hidrokloriki ikipakwa kidogo kidogo kwa kijiti cha pamba hadi iache kutoa mapovu, kisha maji mengi. Asidi isiguse kingo za matundu wala mahali palipo wazi, itakula aluminiamu ya silinda na haitaacha. Ukucha ukizama kwenye mfereji, au ukiona doa la rangi tofauti ambapo kromu imebanduka, silinda hiyo imekwisha.

Shika flaiwili, gurudumu lenye mapezi lililo kwenye ncha ya krenki, uisukume juu na chini. Mchezo wowote wa juu na chini ni beringi za krenki, na kuzibadilisha kunahitaji kupasua mwili wa injini, kuupasha moto na kuufunga upya. Ni kazi inayowezekana nyumbani, lakini isiwe kazi yako ya kwanza. Hesabu pia mapezi ya flaiwili: mawili yaliyovunjika yanatosha kuleta mtetemo unaokula beringi.

Mwisho tazama alama za waliotangulia. Klachi za chenso nyingi hufunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha bolti za kawaida. Ukiona makovu ya patasi kwenye klachi, aliyeshika mashine hii hakulijua hilo, na huenda hakujua mengine. Mwili ni wa magnesiamu: nyuzi za skrubu zilizoliwa zinarekebishika, ufa kwenye bolti za kushikia baa (ulimi wa chuma unaobeba mnyororo) haurekebishiki kwa gharama ya maana. Unga mweupe ndani ya tanki ni magnesiamu inayooza kwa maji.

Ya kwanza: Husqvarna 61, 268 na 272

Hizi ni ndugu wa mwili mmoja. Zote zina mwendo wa pistoni wa milimita 34. Zinatofautiana kwa kipenyo cha silinda tu, 48, 50 na 52, yaani sentimita za ujazo 61.5, 66.7 na 72.2. Faida yake ni kubwa: 61 iliyoua silinda inaweza kupokea silinda ya 272 na kuwa mashine nyingine, mradi kabureta irekebishwe upya kulingana na silinda hiyo. Vipuri vya kuiga vimejaa, vya asili bado hupatikana vimetumika, koili (kipuri kinachozalisha umeme wa cheche) ni ya kielektroniki na hakuna platini, yaani swichi ndogo ya kukata umeme huo, ya kuhangaikia. Matoleo mengi yana breki ya mnyororo.

Udhaifu wake unajulikana. Mpira unaoshika kabureta hupasuka chini, mahali usipopaona, na hapo ndipo hewa ya pembeni inapoingia. Mipira ya kuzuia mtetemo nayo huchoka hadi mpini unapinda mkononi. Nunua vyote viwili kabla hujawasha mashine.

Tahadhari moja kuhusu silinda za kuiga: kingo za matundu huja kali kama wembe na hukata ringi. Zilainishe kwa msasa namba 400 au jiwe dogo, osha kwa maji ya sabuni, kausha, paka oili. Klipu za pini ya pistoni zinazokuja nazo ni laini mno; tumia za asili. Klipu ikichomoka injini ikiwa kwenye kasi, silinda mpya inaharibika papo hapo.

Ya pili: Stihl 026, na ndugu yake mkubwa 038

026 ina sentimita za ujazo 48.7, ni nyepesi, na vipuri vyake vingi vinaingiliana na MS 260 iliyoifuata. Kwa anayefufua chenso kwa mara ya kwanza na anayetaka kukata kuni na matawi, huenda ikamfaa kuliko Husqvarna. Tumeiweka ya pili kwa sababu tu haikui sana: utabaki karibu na ukubwa ulionunua.

038 ilitoka kwa ukubwa wa 61, 67 na 72. Ni imara sana, lakini vipuri vya plastiki na vya pampu ya oili vinatafutwa kwa uvumilivu zaidi. Usiinunue ikiwa kifuniko cha klachi au cha filta kimekosekana.

Ya tatu: Stihl 070

Wapasua mbao wanaipenda na wana haki. Ina sentimita za ujazo 106, inazunguka polepole kwa nguvu nyingi, na inabeba baa ndefu ya mnyororo mkubwa wa saizi ya inchi .404 bila kulalamika. Vipuri vya kuiga vipo kila kona ya dunia. Kuifungua ni rahisi kuliko chenso ndogo, kwa sababu kila kitu ni kikubwa.

Kwa nini basi ya tatu? Ni nzito, karibu kilo 10 bila baa. Nyingi hazina breki ya mnyororo wala mipira ya kuzuia mtetemo, na hakuna namna salama ya kuzifunga baadaye. Baa ikigonga kwa ncha na kuruka nyuma, hakuna kitu kati ya mnyororo na uso wako isipokuwa mikono yako. Inunue kwa kupasua mbao kwenye fremu, si kwa kukata matawi.

Nyingi pia zinatumia platini chini ya flaiwili. Pengo ni milimita 0.35 hadi 0.4. Platini iliyokaa miaka hushika ukungu usioonekana, na kipande cha karatasi ngumu kilicholowa petroli kikipitishwa katikati mara nyingi hurudisha cheche. Kabla ya kununua koili, jaribu hilo. Chunguza pia kama unachouziwa ni 070 yenyewe au nakala: nakala si lazima iwe mbovu, ila isilipiwe bei ya asili.

Ya nne: Stihl 041

Ujazo wa 61, sauti nzuri, mashine ya miaka mingi. Tafuta toleo la kielektroniki. La platini linafufuka pia, lakini koili yake ikifa utasubiri. Zingine hazina breki. Ziache kama utafanya kazi porini peke yako.

Ya tano: Homelite XL-12 na McCulloch 10-10

Zote zina ujazo wa takriban 54 na zilitengenezwa Marekani, kwa hiyo bolti ni za inchi: spana za milimita zitakula vichwa vyake. XL-12 hulainisha mnyororo kwa kubonyeza kitufe kwa kidole gumba. Ukisahau, baa inaungua. Ni mashine nzuri za kujifunzia kabureta na za kuweka rafuni. Kama lengo ni kazi ya kila wiki, pesa yako ina mahali bora.

Usinunue: chenso iliyo kwenye boksi

Mashine iliyofunguliwa na mtu mwingine hukosa skrubu tatu na kipuri kimoja kisichopatikana. Haijalishi ni chapa gani.

Hesabu ya vipuri kabla ya kukubali bei

Kwa chenso yoyote iliyokaa zaidi ya miaka mitano, jumlisha kwenye bei: seti ya ngozi (tando laini za ndani) na gasketi za kabureta, bomba la petroli, filta ya ndani ya tanki, filta ya hewa, sili mbili za krenki, plagi, kamba ya stata, sproketi (gia inayovuta mnyororo) na mnyororo. Sproketi yenye mifereji mirefu itaharibu mnyororo mpya, vibadilishe vyote viwili pamoja. Kujua saizi ya mnyororo, pima kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili, milimita 9.3 ni saizi ya inchi 3/8, milimita 10.3 ni .404.

Jumla ikipita nusu ya bei ya chenso ileile iliyokwisha kufufuliwa, punguza ofa yako au ondoka.

Ukishainunua, kabla ya petroli kuingia ziba ekzosi na njia ya kabureta kwa vipande vya mpira, sukuma hewa ya bar 0.5 na upake maji ya sabuni kwenye sili na gasketi. Isishuke kwa nusu dakika. Kisha vuta hewa nje kwa kiasi hicho hicho, maana kuna sili inayozuia hewa kutoka lakini inaruhusu kuingia. Petroli ya kwanza ichanganywe na mililita 25 za oili nzuri ya mipigo miwili kwa kila lita. Skrubu ya kasi ya juu iache imefunguka kidogo kuliko inavyohitaji, hadi injini isiyo na mzigo igugumie kwa sauti nzito, na sauti hiyo ikatike tu mnyororo ukiingia kwenye mti.