Insoli ya Kupimwa au ya Dukani? Pa Kuweka Pesa Zako Kisigino Kikiuma Mombasa

Kisigino kikikuchoma unaposhuka kitandani, kikatulia baada ya hatua chache, halafu kikaanza upya jioni baada ya kusimama kutwa, aghalabu kilicholemewa ni ule utando mnene unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kupita chini ya unyayo hadi vidoleni. Ndio ugonjwa unaowapeleka watu wengi dukani kuulizia insoli, yaani kile kitandiko cha kutia ndani ya kiatu chini ya unyayo. Na hapo ndipo pesa zinapopotea, kwa sababu muuzaji wa kwanza kukupata ndiye anayekuamulia: wa barabarani atakupa jeli ya rangi ya samawati, wa kliniki atakuambia upimwe utengenezewe yako.

Kabla ya kuchagua baina ya hao wawili, hesabu kwanza siku yako. Miguu yako iko ndani ya kiatu cha kufunga kwa muda gani? Mombasa hii, tunatoka na champali kwenda dukani, ndani ya nyumba tuko peku juu ya saruji au vigae, viatu vinavuliwa mlangoni kwa kila unayemtembelea, na msikitini vilevile. Karani wa Moi Avenue au mlinzi wa bandarini mwenye buti za kazi anakaa na kiatu tangu asubuhi hadi jioni. Muuza nguo wa Kongowea, dereva wa tuktuk na mama anayepika tangu alfajiri huenda wasivae kabisa. Insoli ya bei yoyote ile haisaidii ikiwa imelala ndani ya kiatu mlangoni. Ndiyo sababu katika orodha yangu, kilicho juu si insoli.

Cha kwanza: sandali yenye umbo la unyayo

Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 150 wenye maumivu ya kisigino. Wengine walipewa insoli za kutia kwenye viatu, wengine sandali zilizochongwa kwa umbo la insoli, wengine champali bapa za kawaida. Baada ya wiki 12, wa sandali zenye umbo walikuwa sawa na wa insoli, na wote wawili wakawa mbele ya wa champali bapa. Kwa mji wa joto kama wetu, sijui habari njema zaidi ya hiyo kwa mwenye kisigino kibovu.

Ukiwa dukani, ishike sandali kwa mikono miwili, kisigino huku na ncha kule, uikunje. Inatakiwa ipinde pale penye mzizi wa vidole. Ikijikunja katikati kama chapati, irudishe. Kisha ibonyeze sehemu ya tao kwa kidole gumba: iwe na ukaidi fulani, izame kidogo na kurudi, isididimie moja kwa moja. Kisigino kiwe na kibonde cha kukalia. Mkanda wa nyuma ni bora, kwa sababu bila mkanda vidole hukaza kutwa nzima kuing'ang'ania sandali isitoke, na kukaza huko kunauvuta utando uleule unaouma.

Makubadhi ni mazuri na ni yetu, lakini ni bapa. Yavae Idi na harusini, usiyavae kuteremkia feri ya Likoni na kupanda tena ng'ambo kila siku.

Mitumba ya Kongowea ina sandali nzuri sana za soli ya koki kwa bei ya chini, ila zikague mara mbili. Tazama kama kuna alama za vidole zilizochimbika; hiyo ni miguu ya mtu mwingine, na tao limeshakaa kwa kumfuata yeye. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande mmoja, iache. Soli za poliyurethani, ile plastiki nyepesi kama povu, nazo zina ugonjwa wake. Unyevunyevu huzivunja kwa ndani polepole hata zikiwa zimewekwa tu, kisha siku unapozivaa zinamomonyoka vipandevipande njiani. Ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa unga, usinunue.

Pesa zikitosha, nunua jozi ya pili ya ndani peke yake, isiyokanyaga nje. Kwa mtu anayesimama jikoni, hiyo ya ndani ndiyo itakayofanya kazi kubwa. Wageni na wavue viatu mlangoni kama kawaida. Wewe mwenye nyumba una sandali yako safi.

Cha pili: insoli ya dukani iliyo ngumu kiasi

Hii ni ya wale wa viatu vya kufunga. Watu hudhani ya kupimwa lazima iishinde ya dukani kwa kuwa ni yako peke yako. Majaribio hayasemi hivyo. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2006 uliwagawa watu 135 katika makundi matatu: insoli laini isiyo na kazi, insoli ngumu ya tayari, na insoli ya plastiki iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa kila mtu. Kufikia miezi mitatu, hizo mbili za kweli ziliwasaidia watu kidogo katika shughuli zao kuliko ile isiyo na kazi, na baina ya hizo mbili tofauti ilikuwa ndogo mno. Kufikia mwaka mmoja, makundi yote matatu yalikuwa yamelingana. Yaani maumivu haya, kwa wengi, yana kawaida ya kuisha; insoli inakutuliza wakati unasubiri. Ukilijua hilo, huwezi kutishwa ukope kwa ajili ya insoli.

Insoli hizi ziko kwenye maduka ya dawa, maduka ya michezo ya Nyali na kwa wachuuzi wa Digo Road. Usisome picha iliyo kwenye pakiti. Itoe, uibinye. Ganda la chini, kuanzia kisigino hadi katikati, liwe gumu kiasi cha kutokunjika kwa vidole viwili, na juu kuwe na kitambaa kinachokauka haraka. Jeli tupu kwa jasho la Machi inateleza, na mguu unaanza kuogelea ndani ya kiatu.

Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uende na kiatu chenyewe. Ng'oa kwanza insoli iliyokuja nacho. Watu wengi hubandika mpya juu ya kuukuu, kisigino kinapanda, kiatu kinabana vidole, halafu wanalaumu insoli. Tumia ile kuukuu kama ramani ya kukatia, na ukate mbele tu, nyuma usiguse. Mkasi ukikushinda, fundi viatu yeyote wa Mwembe Tayari atakukatia kwa kisu chake sasa hivi. Mwachie kukata. Akianza kukuambia ugonjwa wako ni nini, mshukuru, uondoke.

Tembea dukani, juu ya vigae. Tao lijulikane lipo lakini lisichome. Siku ya kwanza vaa saa moja au mbili, ongeza kidogokidogo, na uipe wiki sita kabla ya kuihukumu. Usiianike juani wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari, maana joto hulegeza povu na gundi.

Cha tatu: kikombe cha silikoni cha kisigino

Ndicho cha bei nafuu kuliko vyote hapa, na kinaingia hata kwenye viatu bapa vya kike vya ofisini ambavyo insoli nzima haienei. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, wagonjwa 236 wa maumivu haya kwa mara ya kwanza, wote wakifanya mazoezi ya kunyoosha. Katika wiki nane, asilimia 95 ya waliotumia silikoni walipata nafuu, dhidi ya 68 ya waliotengenezewa insoli za kupimwa. Wa kunyoosha peke yake walikuwa 72. Wiki nane ni muda mfupi, kwa hiyo sikiweki kikombe juu ya insoli, lakini kwa aliye na mia chache mfukoni ni mwanzo wa heshima. Tia viatu vyote viwili, hata kama kisigino kinachouma ni kimoja, usije ukatembea upande.

Na hayo mazoezi hayauzwi popote. Kabla ya kushuka kitandani, pandisha mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea kwako hadi uuhisi utando ukikaza chini ya unyayo, hesabu kumi, achia, rudia mara kumi. Ukishazoea, kunja leso iwe roli, iweke kwenye ngazi, vidole juu ya leso na kisigino kikining'inia, upande na kushuka polepole, siku moja ndiyo, moja sivyo. Hata ukinunua nini, fanya na haya.

Cha nne kwa wengi, cha kwanza kwa wachache: insoli ya kupimwa

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni aruke yote niliyoandika juu na aende kliniki. Kwake yeye insoli ya barabarani ni hatari: ganda gumu litamchubua bila yeye kuhisi, na kichubuko hicho kinaweza kuwa kidonda kisichofunga. Yeye anahitaji insoli laini iliyotengenezwa kwa mguu wake, na awe na mazoea ya kutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa kutafuta kijiwe au msumari.

Wengine wanaostahili kupimwa ni wenye ugonjwa wa rumatoidi unaoharibu viungo vya miguu, na wenye tao la juu sana linalouma. Mapitio makubwa ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha majaribio ya tiba, yaliyojumlisha majaribio 11 na watu 1,332, yalipata ushahidi kwamba insoli za kupimwa huwasaidia hao. Ongeza na wenye miguu isiyolingana urefu au iliyopinda baada ya ajali. Mwisho, yule aliyevaa ya dukani vizuri, ndani ya kiatu kizuri, pamoja na mazoezi, miezi kadhaa ikapita na bado anachechemea.

Ukifika huko, mtafute mtaalamu wa teknolojia ya viungo, wale wanaosomea kazi hiyo KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Anza na Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ile tunayoiita Makadara, au karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu, kule Port Reitz, kabla hujaingia kwenye duka lenye kioo kinachong'aa. Kazi ya kweli unaijua kwa macho. Atakuuliza umeugua nini na unafanya kazi gani. Atakutazama ukitembea, atakushika kifundo na kukizungusha, kisha atachukua umbo la mguu kwa plasta, kwa kisanduku cha povu unachokanyaga likabaki shimo la unyayo wako, au kwa skana. Utarudi siku nyingine kuvaa, naye atasaga pembeni palipozidi.

Kukanyaga sahani ya kompyuta, kuoneshwa picha yenye nyekundu na manjano, halafu ukaletewa insoli kutoka kabatini dakika kumi baadaye, huko si kupimwa. Ni insoli ya dukani yenye bei ya kupimwa. Siwakatazi kuiuza; nakukataza wewe kuilipia bei hiyo.

Muulize mambo haya kabla ya kutoa pesa. Inatengenezwa kwa nini, na wapi? Itaingia kwenye viatu vyako vipi? Wengi hugundua baadaye kwamba yao inakaa kwenye kiatu kimoja tu cha kamba, nacho wanakivaa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo nenda na viatu unavyovivaa kweli. Marekebisho ni bure kwa muda gani? Na kama una bima, pata jibu lao kwa maandishi kabla ya plasta kugusa mguu.

Visivyo na nafasi katika orodha

Insoli za sumaku. Jaribio la Marekani la mwaka 2003 lililowahusisha watu 101 wenye maumivu ya kisigino lilizilinganisha na zisizo na sumaku, na hapakuwa na tofauti. Insoli nyembamba za povu laini nazo huhisi tamu dukani kisha hubonyea kabisa. Zinafaa kujaza kiatu kikubwa, basi.

Na insoli za watoto wenye nyayo bapa wasioumwa. Watoto wadogo wengi wana nyayo bapa, na tao hujitokeza lenyewe wakikua. Mtoto anayekimbia shule hadi nyumbani bila kulalamika hahitaji kununuliwa kitu.

Usinunue chochote ikiwa huwezi kabisa kukanyaga, ikiwa mguu umevimba na kuwa mwekundu na moto, ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, au ikiwa yameanza baada ya kuanguka. Hapo ni hospitali kwanza.

Kwa atakayelipia ya kupimwa, lipa nusu siku ya kipimo, nusu baada ya kuivaa na kurekebishiwa, na uandikiwe hivyo kwenye risiti. Ikikuchubua ndani ya wiki ya kwanza, usiivumilie ukidhani mguu utazoea. Tia alama kwa kalamu pale inapogusa, irudishe isagwe.